Poda Kabla ya Jina

Ilianza Jumapili, tarehe nane mwezi wa kumi na moja, saa tisa na robo mchana. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeketi na sahani ya beignets, maandazi ya Maman, mapajani, nikingoja Papa Juge aamke usingizi wake wa mchana nimpandishie zikiwa bado moto. Kengele ikalia. Haikuwa ya kwetu, ilikuwa ya kwake, ghorofa ya tatu. Nikachungulia dirishani. Mtaa wetu wa Etterbeek, Brussels, siku ya Jumapili hata njiwa wanapumzika, lakini gari jeusi lilikuwa limesimama mbele ya gereji ya jirani, na bwana mmoja mwenye koti refu alikuwa mlangoni anafuta viatu vyake kwa kitambaa cha mfukoni.

"Ni nani?" Maman akauliza kutoka jikoni.

"Sijui. Anafuta viatu."

"Anafuta mbele ya kuingia? Bon, anakuya kuomba kintu."

Maman hukosea mengi. Hili hakukosea.

Leo ni Ijumaa, tumeshaingia Desemba. Tangu jana jioni nina hasira, chakula hakipiti. Nimeamua kuandika yote ninayoyajua kuhusu Papa Juge, mazuri na mabaya, yakija ovyo yaje ovyo, kwa sababu nikiyasema kwa mdomo nitalia, na sipendi watu wanione nikilia.

Jina lake silitumii. Hakuna anayelitumia. Kuanzia kwetu mpaka barabara yote ya Chaussée de Wavre, ukisema Papa Juge wanajua. Alikuwa juge, yaani jaji, kule Lubumbashi, Katanga, nchini Kongo, na alifundisha sheria vijana wengi. Kwa nini aliondoka sijawahi kuelewa. Ukimuuliza anajibu, "Nilikuya na valizi ya nguo ya wiki mbili," halafu anabadilisha maneno.

Tai anavaa kila siku. Anaivaa kwenda kununua mkate, anaivaa kushusha takataka Jumatano asubuhi. Siku moja bomba lilipasuka kwake, maji yakashuka hadi kwetu, Maman akapanda mbio na ndoo. Alimkuta amepanda juu ya kiti, suruali imekunjwa mpaka magotini, anaziba bomba kwa taulo, na tai shingoni. Maman alicheka mpaka akasahau kugombana.

Na bado mtu huyo wa tai, miaka yote aliyofanya kazi ya kupokea vifurushi kwenye jengo moja kubwa la ofisi za Ulaya, alikuwa anageuza badge yake ili jina lisionekane. Niliona mwenyewe, tulipokutana naye kwenye basi. Aliyenifundisha kwamba mtu lazima aseme yeye ni nani, alikuwa anatembea na jina lake limelala kifudifudi kifuani.

Sasa niseme alivyonifundisha, maana hapo ndipo panaponiuma.

Tulipohamia jengo hili nilikuwa na miaka saba na sikuwa nasema. Si kwamba sikuweza. Maneno yalikuwa yanafika kwenye meno, yanarudi. Mwalimu alimwita Maman akamwambia labda mtoto hasikii. Maman alitoka pale amekasirika, akanishika mkono, akanipandisha ghorofa ya tatu. "Papa Juge, huyu mutoto bamesema eko kiziwi. Mumufundishe Kifaransa, tafazali."

Hakuniambia nipaze sauti, kama wanavyoniambia wote. Alisema, "Kwa mahakama, kwa tribunal, hata muntu wa kutetemeka anasema, kama anajua bintu mbili. Simama. Weka mikono kwa meza, meza itatetemeka pa nafasi yako. Kwanza, sema nani alikutuma. Kisha, sema unataka nini. Njo bintu mbili tu."

Nikasimama. Nikaweka mikono. Dakika zikapita, yeye anasoma gazeti lake kama vile sipo.

"Maman amenituma," nikasema. "Nataka sukari."

"Demande rejetée," akajibu bila kuinua macho, yaani ombi limekataliwa. "Umekuya bila chombo."

Ilikuwa ni mzaha, lakini pia ilikuwa kweli, kwa sababu kwa sukari Papa Juge ni mchoyo ajabu. Kipande kimoja kwa kikombe kimoja, na wageni wenye vyeo pia ni kimoja. Lakini tangu siku ile, kila Jumatano mchana shule ikifungwa, nilikuwa na kiti changu mezani kwake. Akinihitaji anagonga bomba la chauffage, lile la kupasha nyumba joto, kwa kijiko, mara tatu, na kwetu linalia ngo ngo ngo. Maman anasema, "Nenda, tribunal inakuita."

Sheria alinifundisha kwa glasi. Alikuwa nazo tisa. Tatu zenye maua, tatu zilizokuwa za haradali, tatu nyeupe tupu. Anazipanga mezani, anasema hii ndiyo mahakama ya juu kabisa ya kwetu, wazuzi tisa, yaani majaji. Wa maua, Chef wa nchi anawaweka yeye mwenyewe, kwa kutaka kwake. Wa haradali wanaletwa na parlement. Weupe wanaletwa na wazuzi wenzao. Karatasi ya mwisho ya wote tisa inatiwa saini na Chef, lakini mkono unaoleta si mmoja.

"Juu ya nini mukono haina moja?" ananiuliza, akitaka sababu.

"Ili wasifanane."

"Voilà. Glasi zikifanana zote, ni ya sherehe, haina ya mahakama."

Siku moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, niliangusha glasi yenye maua. Nilitaka kufa. Yeye akaruka kwenye kiti kwa furaha. "Vacance! Kiti iko wazi! Alors, nani analeta ingine?"

"Yule aliyeweka ile ya kwanza," nikasema, nikiokota vipande.

"Très bien. Na huyu mupya anayewekwa, anamushukuru nani?"

Nikafikiri. "Aliyemuweka?"

Akapiga meza, zile nane zikaruka. "Non! Hapo njo bantu bote banakosea. Akishaingia na akishaketi, hana tena muntu wa kumushukuru. Asante inabaki inje ya mulango, pamoja na parapluie."

Niliiandika sentensi hiyo, pamoja na mwavuli wake, kwenye jalada la daftari la hesabu. Nilitaka kusoma sheria kwa sababu ya sentensi hiyo. Maman anafikiri ni kwa sababu ya mishahara ya wanasheria.

Watu walikuwa wanamwita kuamua magomvi, na alikuwa na desturi moja ambayo kila mtu Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, anaijua. Kabla ya kusikiliza anauliza, "Nani ameniita?" Kama ni upande mmoja tu umemwita, hafungui kinywa. Nilikuwepo kwenye salon ya nywele ya Maman Odette, Chaussée de Wavre, nikisukwa, wakati wanawake wawili walipogombana kwa sababu ya pagne, kitenge cha harusi. Waliinunua pamoja, mmoja akaikata vibaya. Papa Juge akaitwa. Akaingia, tai, kofia.

"Nani ameniita?"

"Ni miye, papa," akasema yule aliyeikata.

"Na weye mama, ulimutuma aniite?"

"Miye? Sikumutuma! Anajua ameharibu, anatafuta muzee wa kumuficha!"

"Basi niko avocat wa kutetea huyu, haina juge. Na kazi ya avocat nilishakataa." Akaketi kwenye kiti cha kungojea, kofia magotini. Nilisukwa upande wa kulia, nikasukwa upande wa kushoto. Mwishowe yule wa pili akachoka na kicheko cha watu, akasema, "Eh, aya, papa, miye pia nimewaita, museme basi!" Ndipo akavua miwani na kuanza.

Wale wa hoteli nao alikuwa hawavumilii. Wasomaji wa kwetu watajua nasema nini: mkubwa wa kule akipita Brussels, siku hiyo hiyo nusu ya wanaume wa jamii wanavaa suti na kwenda kujaza sebule ya hoteli yake, CV kwapani. Wanakunywa kahawa moja kwa saa nne, wakitazama lifti. Papa Juge alikuwa anawaiga vizuri sana. Anasimama, anatia gazeti kwapani kama mkate wa baguette, anatabasamu kwa lifti ambayo haipo, meno yote nje. "Kiti haiombwe," anasema. "Ukiomba kiti, umeshaketi chini." Mimi nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Hakuwahi kwenda hotelini, ni kweli. Hoteli ndiyo iliyomjia, Jumapili ile, ikiwa imefuta viatu.

Mgeni mwenye koti refu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa ni avocat mkubwa kule. Nilipopanda na beignets alikuwa ameketi kwenye kiti changu. Alimwita Papa Juge "Maître" na "baba" na "professeur," mara nyingine yote matatu kwa pumzi moja. Nilisikia nilichosikia. Mmoja wa wale tisa amekufa. Kiti ni cha maua, cha Chef mwenyewe. Wanatafuta mtu wa Katanga, msomi, mwenye jina safi.

"Jina yenu imetajwa, Maître. Mara mbili."

"Sikuomba," Papa Juge akasema.

"Njo maana! Hamukuomba. Banawatafuta. Donc, banataka tu kusikia mawazo yenu. Kidogo tu. Video ya dakika tano."

Papa Juge akaniambia nimletee mgeni sukari. Nikamletea. Akamtilia vipande vitatu. Hapo nilipaswa kujua.

Video waliifanya Jumatano, saa yangu. Mgeni aliegemeza simu kwenye zile glasi, alizipanga moja juu ya nyingine ili ziwe ndefu, za maua, za haradali, nyeupe, zote pamoja. Mimi nilikuwa jikoni kwake nachemsha maji. Papa Juge akasafisha koo. Akasema, kwa Kifaransa chake kilichopigwa pasi, kwamba muhula wa Chef ukiisha na uchaguzi haujafanyika, sheria inamruhusu abaki kitini mpaka mwingine atakapokuja, na kwamba kwa hilo hakuna haraka.

Sheria ile alinifundisha mwenyewe. Meza ile ile. Kuna neno linalosema mkubwa anakaa mpaka anayemfuata aingie, na kuhusu neno hilo aliniambia, nikiwa na miaka kumi na minne, "Ile neno ni mulango ya kutokea, haina kitanda ya kulala." Mimi nilisimama na birika mkononi nikangoja aseme hilo la kitanda. Hakulisema. Mgeni akasema, "Magnifique."

Kuna jambo lingine. Tonton wangu, mdogo wa Maman, yuko kule. Mwaka huu alitembea barabarani na wenzake kudai uchaguzi, akarudi nyumbani na mkono umevunjika mahali pawili. Papa Juge alishuka kwetu usiku ule kusali na Maman. Alimshika mkono. Alisema, "Mudogo yako eko na haki." Alisema haki. Sikuota.

Maman aliiona video kazini, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, saa ya mapumziko, mwenzake akamwonyesha kwenye simu. Alirudi nyumbani akanawa mikono muda mrefu sana. Nikangoja aseme. Alisema tu, "Tonton yako pia ataona ile video." Halafu kesho yake akapika sombe, kisamvu cha kwetu, akaweka kwenye bakuli, akaniambia nimpelekee.

"Mimi? Sipeleki!"

"Peleka. Ni muzee na eko peke yake."

"Maman, alisema..."

"Nilisikia alisema nini. Njaa yake haikusema kintu."

Akapeleka mwenyewe. Mimi niliacha kwenda Jumatano. Nilimwambia nina mitihani. Bomba likalia mara tatu, nikaongeza muziki. Wiki iliyofuata likalia tena, halafu likaacha. Na hasira yangu ilikuwa na kitu kibaya ndani yake, nakiri hapa: kila lilipolia nilitaka kwenda.

Jana mchana mgeni alipiga simu kutoka kule. Alimwambia Papa Juge jioni aketi mbele ya televisheni, ordonnance, amri ya Chef, itasomwa. Ndiyo hayo tu aliyosema. Papa Juge akamwambia Maman Odette, na kumwambia Maman Odette ni sawa na kulitangaza redioni. Saa kumi na mbili jioni ngazi zetu zilikuwa zimejaa viatu. Wanawake wa mutuelle, chama chao cha kusaidiana, wamevaa pagne za sare, ndizi zinakaangwa kwetu na kwake, na Maman Odette anapanda na makopo manne ya poda ya watoto.

Kwetu mtu akifaulu anamwagiwa poda kichwani. Akipita mtihani, akizaa, akitajwa kwenye cheo. Lakini kuna mpango wake. Kwanza jina, kisha poda.

"Odette, poda haimwangwe mbele ya jina," Maman akasema mlangoni.

"Eh, ma chère, unaogopa nini? Jina si inakuya!"

"Ikuye kwanza."

"Shiye tutakuwa tunalia saa ile, nani atamwanga? Papa, kuja hapa!"

Nikafikiri atakataa. Mtu wa procédure, mtu wa kwanza hiki kisha kile. Aliinamisha kichwa. Akashika tai yake isichafuke, akainamisha kichwa kama mtoto anayebatizwa, na Maman Odette akammwagia kopo zima, na wengine wakamwaga yaliyobaki, na vigelegele vikashuka mpaka kwa Madame wa ghorofa ya chini, naye akagonga dari kwa fimbo. Poda ikaanguka kwenye zulia, kwenye ngazi, kwenye ndizi.

Saa mbili ikafika. Wakati wa baridi saa ya Brussels na ya Kinshasa ni moja, wakati wa joto Brussels inafuata Lubumbashi; Papa Juge alikuwa akisema ndiyo sababu majira ya joto anajisikia nyumbani. Jana alikuwa ameketi mbele kabisa, mweupe kichwa kizima. Msomaji akaanza. Ordonnance haianzi na jina. Inaanza na "vu," kwa kuzingatia Katiba, kwa kuzingatia sheria fulani, kifungu fulani, mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za unga. Papa Juge alikuwa anaijua yote kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na msomaji, neno kwa neno, bila sauti. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba jina lake litajwe.

Likasomwa jina la yule mgeni. Mwanafunzi. Mwenye koti refu. Avocat, wa Katanga.

Hakuna aliyeelewa mara moja. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, akanyamazishwa. Maman Odette akasema, "Bamekosea. Basome tena." Msomaji akaenda kwenye habari za mpira.

Papa Juge akasimama. Poda ikamshuka mabegani. Akanyoosha tai. Nikangoja apige meza. Nilitaka apige meza zile glasi ziruke. Akasema, "Procédure imefuatwa. Kiti ni ya Chef, anaweka ule anataka. Kisheria, hakuna shida." Halafu akauliza nani anataka chai.

Watu wakashuka mmoja mmoja, wamebeba bakuli zao. Maman alibaki. Akakunja pagne, akaosha vyombo vyote vya kwake. Mimi nilishuka, nikajilaza, nikamkasirikia mgeni, nikamkasirikia Chef, nikamkasirikia Maman Odette na makopo yake. Lakini wote hao hawakunifundisha kusema.

Asubuhi ya leo Maman aliniamsha mapema. "Fagia ngazi mbele Madame wa chini hajaanza."

Nikapanda na ufagio mpaka ghorofa ya tatu ili nianzie juu. Ngazi zote zilikuwa na nyayo nyeupe, nyingi za kupanda na nyingi za kushuka. Mlango wake ukafunguka kabla sijaanza. Tai. Viatu vimepigwa rangi. Alikuwa ameoga, lakini poda ilikuwa imebaki ndani ya masikio na kwenye nyusi.

"Mutoto! Mitihani imeisha?" Akatabasamu. Meno yote. "Jana ulisikia vizuri? Haina mubaya vile bantu banafikiri. Kuna renouvellement, kubadilisha wazuzi. Batatu batatoka kwa kura, tirage au sort, nilikufundisha. Na huyu mwanafunzi yangu sasa eko ndani. Hawezi kusahau. Atanishukuru."

Nyuma yake niliona meza. Glasi bado zilikuwa zimepandana vile mgeni alivyoziacha.

Meza yangu ilikuwa mbali, kwa hiyo nikaweka mikono yote miwili juu ya mpini wa ufagio. Ukatetemeka kwa niaba yangu.

"Hakuna aliyenituma," nikasema. "Nataka kujua, Papa: nani alikuita?"

Nilimpa muda, kama yeye alivyonipa nikiwa na miaka saba. Aliangalia ufagio, akaangalia ngazi, mkono wake ukaenda kwenye tai na ukabaki hapo.

"Utachelewa masomo," akasema, na kufunga mlango taratibu sana, kama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nikafagia. Kila ngazi, kila kona, mpaka kwenye mkeka wa Madame wa chini, mpaka barabarani. Kisha nikapanda tena mpaka ghorofa ya tatu, nikauegemeza ufagio kwenye ukuta wa mlangoni kwake, pembeni ya parapluie yake iliyosimama hapo. Poda iliyokuwa mbele ya mlango wake sikuigusa. Nikashuka, nikaenda shule.